Mfungo wa Beatha

Bombo,
Jumapili, 9 Machi 2025

Wifi yangu Asteria,

Salamu kutoka huku mlimani. Hatujambo. Ng'ombe amezaa, mvua bado inatuchezea, na kaka yako Gideoni yuko Ziwa Jipe na biashara yake ya samaki. Atarudi akipenda.

Utashangaa kupata barua kama enzi za stempu. Simu nimeizima. Ndiyo mfungo wangu wa Kwaresima mwaka huu. Wenzangu wamefunga nyama, wengine sukari, mimi nimefunga simu mpaka Pasaka, maana niligundua inanishibisha umbea kuliko Neno. Ukiwa na la kusema mpe Loth akija kushusha tangawizi hapo Same. Ni mtu wa kuaminika, ila gundisha bahasha vizuri.

Huyo huyo Loth ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Anasema juzi alipoleta mzigo wangu kwako alimkuta binti yangu Beatha mezani, sahani mbele yake, waya masikioni, macho amefumba. Loth akadhani anaombea chakula, akavua kofia. Akasubiri amina. Amina haikuja. Akasikia sauti ya mwanamke ikivuja kwenye ule waya: vuta pumzi, toa pumzi, sikiliza mwili wako unasemaje. Akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Wifi, huyo mwanamke ni nani? Ni wa kanisa gani? Mimi nimelelewa kwamba mbele ya chakula anashukuriwa Mungu. Mwili hauna la kusema zaidi ya "nina njaa", na hilo tunalijua bila kuambiwa na simu.

La pili. Mahindi na maharage ninayoleta yanatosha nyumba nzima, na bado Loth anasema mtoto amekonda mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Chakula kinakwenda wapi? Sikutuhumu. Nauliza tu.

Wako,
Ernesta


Same,
13 Machi 2025

Wifi Ernesta,

Barua imefika. Ya kofia ilinichekesha, halafu nikafika mwisho nikaacha kucheka. "Sikutuhumu, nauliza tu." Nakujua tangu siku uliyoolewa kwetu. Ukisema hutuhumu, mtu atafute wakili.

Mahindi yako yamo kwenye pipa, njoo uyaone. Beatha anapakuliwa chungu kile kile anachopakuliwa mwanangu Rodgers, na Rodgers nimemshonea suruali mpya kwa unene. Tangu ile ajali, mguu huu wenye vyuma haunipi kusimama sana jikoni, lakini nyumbani kwangu hajalala mtu na njaa.

Hiyo sauti ni programu ya shuleni. Mwalimu wa malezi amewapa baadhi ya wasichana wa kidato cha nne. Inawafundisha kutulia kabla ya kula, kukitazama chakula bila woga, kutambua njaa na kutambua shibe. Mwisho inawauliza wamekula nini na wanajisikiaje, nao wanajibu kwa kubonyeza. Iko kwenye simu yangu ya zamani kwa sababu shuleni simu ni marufuku. Si dhehebu. Nimeisikiliza mwenyewe, nikasinzia.

Kwa nini Beatha awe miongoni mwao? Walichaguliwa tu. Usijisumbue.

Asteria


Same,
13 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo na masomo yanaendelea vizuri. Nimekuwa wa tatu kwenye jaribio la Baiolojia.

Shangazi amesema unaniwazia kwamba nimekonda. Mama, nitakuambia kitu, lakini kibaki kati yetu. Nimefunga Kwaresima. Si kama watoto wanaoacha soda. Nimefunga kweli, nakula jioni tu, kidogo. Sijamwambia Shangazi kwa sababu mfungo wa kutangazwa si mfungo. Najisikia mwepesi na akili yangu imekuwa safi, nikisali nasali mpaka machozi yanatoka.

Usitume ndizi mwezi huu. Zinaoza bure. Na usimwulize Shangazi, atanikatisha tamaa.

Mwanao mtiifu,
Beatha


Bombo,
20 Machi 2025

Wifi Asteria,

Nimekusoma. Kuna jambo baina ya mtoto na Mungu wake ambalo amenieleza mimi mama yake, na wewe sitakueleza. Itoshe kusema nilipiga magoti palepale penye majani ya ng'ombe nikashukuru. Sikujua nimezaa mtoto wa namna hiyo. Yale ya mahindi nimeyafuta, nisamehe.

Ila sasa huyo mwanamke wa kwenye waya ndiyo ananitia wasiwasi zaidi. Mtoto yuko katika kipindi cha kiroho kizito, halafu kila siku kuna sauti inamnong'oneza ausikilize mwili. Mwili! Wakati yeye anajitahidi kuunyamazisha. Huoni kwamba kuna vita hapo?

Na unasema "walichaguliwa tu". Nani aliwachagua, na kwa kipimo gani? Hata mbuzi huchaguliwa, wifi, na hajawahi kuambiwa ni kwa ajili gani. Nimeyapeleka haya kwa Zipora, mwenyekiti wetu wa umoja wa wanawake. Zipora anasema amesikia habari za watu kuvuta pumzi mpaka wakaacha kanisa. Sikumtajia jina la mtoto, lakini ana akili zake.

Likizo fupi ikianza nataka Beatha apande Bombo. Na hiyo simu aje nayo, niione kwa macho.

Ernesta


Same,
28 Machi 2025

Wifi,

Huyu hapa anakuja na Loth. Simu iko kwenye begi na chaja yake. Nakuomba mambo haya, unisikilize kama mdogo wako.

Mwache afanye programu yake kila siku, asiruke. Mezani akae na wewe, asile chumbani. Akinyanyuka baada ya kula, muulize anakwenda wapi. Asichote maji mtoni. Asivae yale masweta mawili mawili, kwa sababu hata jua likiwaka anayavaa.

Usiniulize kwa nini. Nimeahidi.

Asteria


Bombo,
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Asteria,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mtoto asiachwe peke yake. Asiruke hata siku. Afuatwe hata akienda chooni. Na wewe umeahidi. Umemwahidi nani? Mtu akisoma hiyo barua bila kujua ni wifi yangu, atasema imeandikwa na watu wa siri.

Basi nimefanya linalofanywa na mama. Jumatano nilisikiliza hiyo simu. Mwanamke ana sauti nzuri sana, na hapo ndipo nilipoogopa. Hataji Mungu popote. Anasema, "Hakuna chakula kibaya, hakuna chakula kizuri." Mtu anayesema hakuna kibaya wala kizuri, mimi namjua anatoka wapi. Nimeitoa simu nyumbani. Iko kwa Mzee Chande wa kanisa, kabatini, chini ya Biblia kubwa.

Jana wanawake wamekuja na tumekaa na Beatha. Tukamwambia tunataka kumtoa kwenye kamba hiyo. Jumatatu anaanza mfungo wa siku tatu, maji tu, na sisi tunafunga naye, tunaomba kwa zamu. Nilidhani atalia au atabisha. Wifi, alinikumbatia! Tangu awe msichana mkubwa hajanikumbatia hivyo. Akasema, "Asante mama, wewe ndiye unayenielewa." Alivyokuwa mwepesi mikononi mwangu, nikasema huyu tayari ni nusu malaika.

Basi usiwe na shaka. Yuko mikononi salama.

Ernesta


Same,
Jumanne, 8 Aprili 2025

Ernesta,

Mfungulie. Ukimaliza mstari huu acha kusoma, nenda kampe uji, halafu urudi usome yaliyobaki.

Barua yako imenifikia leo kwa sababu Loth alilala njiani, daraja limefunikwa na maji na magari hayapiti. Nimekupigia, umezima. Nimempigia Zipora, hapatikani, nasikia umeme kwenu hamna tangu mvua ianze. Hii anakuja nayo Rodrick wa pikipiki, amesema atazunguka na atafika. Ningekuja mwenyewe, lakini kwa mguu huu kwenye tope hata Rodrick amekataa kunibeba.

Sasa sikia nilichokuficha. Januari Beatha alianguka mstarini asubuhi. Niliitwa, tukampeleka hospitali. Daktari akampima malaria, akapima damu, akapima kila kitu, halafu akaniita pembeni akasema: mtoto huyu hana ugonjwa mwingine, ana njaa. Nikasema haiwezekani, nyumbani kuna chakula. Akasema ndiyo, kipo, naye anakiogopa.

Ni ugonjwa, wifi. Mtoto anajiona mnene wakati mbavu zinahesabika. Anaanza kwa kuacha sukari, kisha ugali, kisha anaanza kuona fahari kadiri anavyoshinda njaa. Programu ilitolewa kwa wale ambao mwalimu aliwaona wameanza kuelekea huko, kuwazuia wasifike mbali. Wetu alikuwa amekwenda mbali kuliko wenzake, akatakiwa arudi kliniki pia. Alirudi mara moja.

Alinipigia magoti nisikuambie. Na mimi, niseme ukweli, nilikuogopa. Nilijua utauliza mahindi yanakwenda wapi. Na uliuliza.

Sikujua kwamba huenda alikuwa anafunga Kwaresima. Kama ndiyo siri aliyokupa, basi alijificha kanisani kwa sababu huko hakuna atakayemwambia kula. Halafu ninyi mkaja mkamwekea mikono na kumbariki. Ndiyo maana alikukumbatia.

Mfungulie, nakuomba.

Asteria


Bombo,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Asteria,

Rodrick alifika Jumatano jioni, amelowa mpaka kwenye mifupa. Tulikuwa ndiyo tunafungua. Nilikuwa nimechemsha uji wa maziwa. Alikataa.

Nilidhani ni haya mbele ya wanawake. Walipoondoka nikampa tena. Akasema ameweka nadhiri ya kuendelea mpaka Pasaka, na nadhiri haivunjwi. Nikasema mimi mama yako nimekufungua. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, ulinifunga mbele ya kanisa. Huwezi kunifungua jikoni." Na hivyo ndivyo tunavyofundisha sisi wenyewe.

Usiku ule nilimsaidia kubadili nguo. Sitaandika nilichokiona chini ya masweta. Wewe ulikiona Januari ukaniandikia "walichaguliwa tu".

Uliniogopa! Mtoto anakufa na wewe unaogopa mdomo wangu! Nina hasira na wewe, Asteria, na nitakuwa nayo muda mrefu, na iliyobaki nimejigeuzia mwenyewe.

Elinaza, muuguzi wa zahanati, amekuja. Amemtundikia maji na anapita asubuhi na jioni. Anasema tusimshindilie chakula, mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa unaweza kumwua. Aanze na kidogo kidogo, na njia ikifunguka tu ateremke hospitali. Nilimfuata Mzee Chande nikachukua ile simu. Imekufa chaji na umeme hakuna. Nilikaa nayo mkononi kama mjinga. Ningelipa chochote yule mwanamke aseme neno.

Anakunywa vijiko viwili vya uji akinitazama, na mimi sasa simwamini hata akimeza. Jana nimekuta uji kwenye leso yake.

Mwulize mwalimu nifanyeje. Rodrick anasubiri mlangoni.

Ernesta


Same,
14 Aprili 2025

Wifi,

Una haki. Sina la kujitetea.

Nilikwenda kwa mwalimu kwa bajaji. Amenionyesha majibu ya Beatha kwenye programu, tangu Februari. Kila siku: nimekula, nimeshiba, najisikia vizuri. Kila siku, Ernesta. Na nyuma ya nyumba yangu mbwa wa jirani amenenepa mpaka anatembea kama mama mjamzito. Mwalimu amelia. Anasema programu inamsaidia anayeanza kuteleza na anayetaka kushikwa mkono. Anayetaka kuidanganya ataidanganya, haina macho. Ilitakiwa mimi ndiye niwe macho, na mimi nilikuwa nafurahi kwamba sauti inafanya kazi yangu.

Amesema hivi. Usimsifu kwa kufunga wala usimsifu kwa kula. Usiitazame sahani yake. Kula naye, chakula kile kile, wakati ule ule, wewe ule kweli. Amesema wengi wao hawajawahi kumwona mama yao akila ameketi. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho nilikuona wewe umeketi kwenye chakula. Harusini kwako labda, na siku ile ulikuwa unalia.

Ya nadhiri sikuwa na jibu, naye hakuwa nalo. Alisema, mama yake ndiye anajua watu wake.

Njia inatengenezwa. Nimempata dereva, atakuja Jumanne baada ya Pasaka, mapema akiweza.

Asteria


Bombo,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mama amewasha simu leo asubuhi, lakini kaniambia nikuandikie kwa mkono. Anasema kwenye simu ni rahisi kudanganya. Nimemwambia hata kwenye karatasi ni rahisi, mimi nimeshafanya.

Nakuandikia habari za Ijumaa Kuu.

Unajua ilivyo huku kwetu. Siku ile moto hauwashwi mpaka ibada ya saa tisa iishe. Hata mgonjwa anakunywa kilichobaki cha jana. Asubuhi nikasikia mama anapasua kuni. Nikadhani amepotewa na siku. Nikamwambia, "Mama, leo ni Ijumaa Kuu." Akasema, "Najua. Nimekuwa Mkristo kabla yako." Akawasha. Hakuwasha kidogo, alitia majani mabichi, moshi ukapanda juu ya migomba mpaka ukaonekana ng'ambo ya bonde. Hakukuwa na moshi mwingine mlima mzima.

Alinitoa kitandani akaniketisha uani, kwenye mkeka, mahali ambapo anayepita barabarani anaona. Akaleta ndizi zilizopondwa na maziwa, sahani mbili. Mimi nilijua anataka kunilazimisha na nilishapanga la kufanya. Ninazo njia zangu, Shangazi, nyingine huzijui, na sitaziandika hapa.

Wanawake walifika kabla chakula hakijapoa. Walikuwa wanakwenda kanisani, wamevaa vitenge vyao vya umoja. Mama Zipora akaingia mbio, mkono kifuani. "Ernesta, moshi wa nini? Kuna msiba?"

Mama akasema, "Bado."

Akawaonyesha mkeka akasema, "Karibuni mkae. Tunakula."

"Leo?" Mama Zipora akasema. "Wewe, katibu wetu? Saa hizi, na Bwana yuko msalabani?"

"Saa hizi. Mtoto huyu mlinisaidia kumfunga. Ni mgonjwa wa kutokula, tangu mwaka uanze, na mimi sikujua, nikamletea mfungo juu ya ugonjwa. Ameniambia siwezi kumfungua jikoni. Basi niko uani na ninyi mko hapa. Kama ni dhambi, iwe yangu, mkaiseme kanisani."

Wawili waliondoka palepale, wamekasirika. Mama Zipora alibaki amesimama penye lango. Hakukaa, ila hakuondoka.

Mama akaketi mkekani. Shangazi, nilihisi kitu cha ajabu, nikagundua ni kwa sababu miguu yake ilikuwa imenyooka. Sijawahi kumwona mama ameketi na sahani. Yeye huonja akiwa amesimama, halafu anasema ameshiba. Akaniuliza, "Yule mwanamke wako husemaje hapa?"

Nikasema, "Husema tukitazame chakula kwanza."

Akakitazama. "Nimekitazama. Ni ndizi. Halafu?"

"Halafu tuvute pumzi."

Akavuta, akakohoa moshi. Akachukua tonge akatia mdomoni.

Sikumwamini. Mimi najua kutia tonge mdomoni. Najua kulisogeza shavuni, najua kutafuna kitu ambacho hakipo, najua kusema ni kitamu. Nilidhani amefanya mchezo, ili mimi nile naye abaki na mfungo wake safi. Kwa hiyo nilimtazama kooni. Nilimkazia macho kama ninyi mlivyonikazia mimi miezi yote hii. Na koo likapanda likashuka. Akachukua tonge la pili, koo likashuka tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado alikuwa anameza. Mwanamke ambaye hajawahi kula Ijumaa Kuu tangu apate kipaimara! Alikuwa anakula mbele ya Mama Zipora, mchana kweupe, na kila anayepita barabarani alikuwa anamwona.

Nilitaka aache. Niliona uchungu kuliko njaa yoyote. Nikamwambia, "Mama, basi, watu wanakuona." Aliendelea kula na hakuitazama sahani yangu hata mara moja.

Nikachukua kidogo, kiasi cha kidole. Kilikuwa na joto na kilinitisha, nakuambia kweli, kama nimeona nyoka. Nikakimeza. Kisha nikameza kingine. Cha tatu sikuweza.

Jana nimekataa asubuhi, jioni nimekula kidogo mama akiwa mkekani. Leo pia kidogo. Sijapona, usije ukatangaza. Jumanne tunateremka na dereva wako, mama na mimi, kwenda hospitali, na mama amesema safari hii ataingia chumbani kwa daktari na hatatoka.

Nimekuandikia kwamba nilimeza. Najua huniamini, na usiniamini kwanza. Muulize mama. Alikuwa ametazama upande wa barabara muda wote, lakini nilipomeza nilisikia analia.

Mwanao,
Beatha